UZI: Payslip imeliwa na madeni. Je, ujitangaze mufilisi?

1/ Kila mjadala wa makato ukiwaka (nyumba 1.5%, SHIF 2.75%), hakosi mtu wa kusema: "Tangaza umefilisika, deni liishe." Si rahisi hivyo, wadau.

2/ Anza na Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19: makato yote kwa jumla yasipite theluthi mbili ya mshahara. Mfanyakazi wa Kondele anayelipwa 45,000 abaki na angalau 15,000. Umebaki na chini ya hapo? Mwone mwajiri, kisha afisa wa leba.

3/ Kufilisika kuko chini ya Sheria ya 2015. Kwa kawaida unaachiliwa baada ya miaka 3. Kama huna mali na deni ni kati ya 100,000 na milioni 4, kuna njia fupi ya miezi 12 kupitia Mpokezi Rasmi.

4/ Shida iko hapa: wadhamini wako wa sacco hawasamehewi. Wewe unapumua, wao wanaanza kukatwa. Ongea nao KABLA hujapeleka karatasi.

5/ Na kwa wanaowinda viti: Katiba, ibara 99 na 193, inamzuia mufilisi ambaye hajaachiliwa kuwa mbunge au MCA.

Mwenye swali aulize hapa chini.