KIPINDI CHA 14: ASIYE NA NYUMBA HATIBIWI KWA SELI

Leo tutazungumza juu ya watu wanaolala nje. Huenda unajiuliza, hayo yanahusiana vipi na kliniki? Yanahusiana sana.

Nilimhudumia mama mmoja aliyekuwa akifua nguo za watu. Aliugua kifua kikuu, vibarua vikakatika, kodi ikamshinda, na mlango ukafungwa. Akaanza kulala kwenye baraza la duka pamoja na mtoto wake. Usiku mmoja walikamatwa katika msako, wakakaa seli siku mbili. Walipotoka, mzigo wao haukuwepo. Ndani yake mlikuwa na dawa zake za mwezi wa tatu na kadi ya kliniki ya mtoto. Mtoto akapitwa na chanjo ya surua ya miezi 9. Hebu niambie mama, seli ile ilimponya nani?

Je, watu hawa ni wangapi?

Hesabu ya kitaifa ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 wanaoishi mitaani hapa Kenya. Miongoni mwao wamo akina mama na watoto wachanga.

Je, kuwafunga kuna madhara gani kwa afya?

Kwanza, kifua kikuu huenea kwa hewa. Seli iliyojaa watu, isiyo na madirisha ya kutosha, ni mahali pazuri pa ugonjwa huo kusambaa, na wanaotoka huja nao nyumbani kwetu. Pili, dawa za kifua kikuu humezwa kwa miezi 6. Anayekatizwa njiani anaweza kupata kifua kikuu sugu, ambacho ni kigumu kutibu. Tatu, upele na kuhara huenea haraka palipo na msongamano. Nne, mtu akiachiliwa hurudi palepale barazani, kwa kuwa kilichomtoa nyumbani hakijaondoka. Serikali imemlisha na kumlinda seli, na bado hana pa kulala.

Sheria yasemaje?

Sheria yetu ya zamani ya uzururaji ilifutwa mwaka 1997, ingawa watu bado hukamatwa kwa makosa madogo madogo. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao ya kufaa. Tena, tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilieleza kwamba sheria za kuwaadhibu wazururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika.

Je, kuna njia nyingine?

Iko. Nchi ya Finland ilianza mpango wake mwaka 2008. Mtu hakuambiwa aache pombe kwanza ndipo apewe nyumba. Alipewa nyumba kwanza, kwa mkataba wa kupanga, kisha wahudumu wakamsaidia kutafuta matibabu na kazi. Mabweni ya kulala usiku yakageuzwa kuwa nyumba za kupanga. Kufikia mwaka 2022, idadi ya waliokaa bila makao kwa muda mrefu ilikuwa imepungua kwa zaidi ya nusu.

Sisi si Finland, ni kweli. Lakini sheria ya nyumba za bei nafuu ya mwaka 2024 inataja nyumba za kijamii kwa wenye mapato ya chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Ni juu yetu kuuliza: aliye barazani, asiye na mshahara wala akiba, atazifikia vipi? Kwake yeye, kulipiwa chumba kimoja cha mabati kwa miezi michache kungekuwa mwanzo.

Mama, wewe ufanye nini?

• Kodi ikikulemea, zungumza na mwenye nyumba na chama chako mapema, kabla mlango haujafungwa.
• Ukimwona mtoto anayelala nje, usimwite chokora. Mjulishe afisa wa watoto, au piga simu 116 bila malipo.
• Ukimjua anayelala nje na kukohoa zaidi ya wiki mbili, mwelekeze kituo cha afya. Dawa za kifua kikuu katika vituo vya serikali ni za bure.
• Kaunti ikiita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti, hudhuria. Uliza juu ya nyumba za kodi ndogo.

Na yule mama? Wanawake wa kanisani walichanga kodi ya miezi miwili. Akaanza dawa upya chini ya uangalizi, akazimaliza, na mtoto akachanjwa. Chumba chake kina kitanda kimoja na ndoo mbili, na kadi ya kliniki imetundikwa ukutani, mahali ambapo haitapotea.