Akiba au Ziada? Uthamini Mpya wa Mali katika Leja na Uteuzi wa Istilahi za Uhasibu nchini Uganda

Mwanafunzi wa uhasibu jijini Kampala, awe katika Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Makerere iliyoko Nakawa au akijiandaa kwa mitihani ya taasisi ya wahasibu, ICPAU, huanza na kanuni moja: kila debiti ina krediti yake. Kanuni hiyo humtatiza anapofikia uthamini mpya wa mali, kwa kuwa hakuna fedha iliyoingia wala kutoka. Makala haya yanafafanua jinsi leja inavyolishughulikia jambo hilo, na yanadai kuwa istilahi inayoteuliwa ina uzito wa kisera.

Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu Na. 16 kinaruhusu taasisi kubaki na gharama ya awali ya mali au kuithamini upya. Njia ya pili ikichaguliwa, sharti itumike kwa kundi zima la mali, si kwa jengo moja lililopanda bei. Ongezeko, isipokuwa pale linapofidia hasara iliyokwisha kutambuliwa, haliingii katika faida ya mwaka. Hulimbikizwa upande wa mtaji.

Tuchukue mfano wa jengo, bila ardhi yake, lililogharimu shilingi milioni 2,000 na kukadiriwa kudumu miaka 40. Baada ya miaka 10, uchakavu limbikizi ni milioni 500, na thamani ya vitabuni ni milioni 1,500. Mthamini akilikadiria kuwa milioni 2,100, maingizo ni mawili. Kwanza, uchakavu limbikizi hudebitiwa milioni 500 na jengo hukreditiwa kiasi hicho hicho. Pili, jengo hudebitiwa milioni 600 na hesabu ya uthamini mpya hukreditiwa milioni 600. Leja husawazika, kodi iliyoahirishwa ikiwekwa kando, huku hesabu ya benki ikiwa haijaguswa.

Kuanzia hapo uchakavu wa mwaka hupanda kutoka milioni 50 hadi 70. Tofauti ya milioni 20 inaweza kuhamishwa kila mwaka kwenda katika faida limbikizi, bila kupitia taarifa ya faida na hasara. Thamani ikishuka, salio la hesabu hiyo kwa mali husika hupunguzwa kwanza. Kinachozidi salio ndicho huwa hasara ya mwaka.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Katika matumizi ya kawaida, akiba ni kitu kilichowekwa ili kitumike baadaye. Anayesoma “akiba ya uthamini mpya” katika mizania anaweza kudhani kuna fedha zinazoweza kugawiwa wanahisa au kulipia mishahara, ilhali kilichopo ni makadirio ya thamani ya kuta na paa. Istilahi “ziada ya uthamini” yafaa zaidi: inataja tofauti kati ya thamani mbili, wala haiahidi fedha.

Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Istilahi za fedha zitakazozoeleka sasa zitakuwa vigumu kubadilishwa baadaye. Inapendekezwa kwamba wakuza mitaala na wahasibu wazisanifu pamoja, na kila istilahi ipimwe kwa maingizo ya leja kabla ya kuidhinishwa.