Kulwa, Doto na Shija Wagawana Mzigo

Kulwa, Doto na Shija ni ndugu, na wote watatu wanaishi ndani ya kabati la chuma chini ya mnara wa simu, mahali fulani kati ya Kahama na Geita. Usukumani ukitaja majina hayo umeshataja na mpangilio wa kuzaliwa: Kulwa alitangulia, Doto pacha wake akafuata, na Shija akaja baada ya mapacha. Ila hawa wa hadithi yetu hawali ugali wala hawaendi shule. Ni masanduku matatu membamba, kila moja lina feni upande wa mbele, na kazi yao ni kuulisha mnara umeme usiku na mchana. Mafundi wa minara huwaita rektifaya. Ni ukoo mmoja na ile pawa saplai iliyomo ndani ya kompyuta ya shule yenu, wao tu wamezaliwa na mabavu zaidi.

Umeme wa TANESCO unaingia kabatini ukiwa na volti 230, ukigeuza mwelekeo mbele na nyuma mara 50 kila sekunde. Mnara hautaki huo. Unataka umeme unaokwenda upande mmoja, wenye volti 54 hivi, kwa sababu pembeni kuna betri za risasi zenye seli 24 zilizofuatana, na kila seli, ili ishikiliwe ikiwa imejaa, inataka volti 2.25. Zidisheni wenyewe. Basi Kulwa anapoupokea umeme, kwanza anaunyoosha, na kilele chake kinafika volti 325. Kisha transista zinaukata na kuuachia, kukata na kuachia, kama mara 100,000 kwa sekunde. Kwa nini haraka hivyo? Kwa sababu kadiri unavyokata haraka, ndivyo kila kipande kinavyobeba nishati kidogo, na transfoma ya kukipitisha inaweza kuwa ndogo. Transfoma ya zamani ya kazi hiyo hiyo, iliyokuwa ikingoja mizunguko 50 kwa sekunde, ingewatoa jasho watu wawili kuibeba. Umeme ukishapita transfoma unanyooshwa mara ya pili, na volti 54 hizo hapo.

Sasa shikeni jambo moja, maana ndipo ugomvi wote unapozaliwa. Kila ndugu anaitazama volti ya mlangoni pake. Ikishuka kidogo tu, anaziacha transista zipitishe umeme kwa muda mrefu zaidi katika kila mkato mpaka volti irudi. Ni mkaidi. Hamwangalii jirani, anaangalia volti yake basi.

Mnara wetu, tuseme, unakula ampia 60. Kila ndugu ana uwezo wa wati 2,000, yaani kama ampia 37. Mmoja peke yake hatoshi, wawili wanatosha, na watatu ni kwa ajili ya siku mmoja atakapoanguka. Katika ukanda huu wa dhahabu hilo si la anasa. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo fedha ya mchanga uliosagwa, ya karasha linalosaga mawe, ya chakula cha wachimbaji na ya nauli ya bodaboda inapita hewani kwenye minara kama huu. Mnara ukizimika, mtu ana dhahabu mkononi na hana hata ya chai.

Kiwandani wote watatu waliagizwa washike volti 54.0. Lakini hakuna vitu viwili vinavyotoka kiwandani vikiwa sawasawa, hata mapacha. Kulwa alitoka na 54.1, Doto 54.0 kamili, Shija 53.9. Tofauti ya sehemu moja ya kumi ya volti! Mtu atasema ni kitu gani hicho. Ngojeni. Milango yao yote mitatu imefungwa kwenye vyuma vinene vya shaba, na ukinzani wa njia ya kila mmoja ni kama ohmu 0.002 tu. Katika njia pana hivyo, sehemu moja ya kumi ya volti inatosha kusukuma ampia 50. Kwa hiyo Kulwa anabeba na kubeba mpaka anafika ampia 37, ukomo wake, na hapo mzunguko wa kujilinda unamshika na volti yake inashuka. Ndipo Doto anaingia kwa ampia 23. Na Shija? Hana hata moja. Volti ya vile vyuma vya pamoja ni 53.95, naye ameambiwa ashike 53.9, kwa hiyo kwa hesabu yake kazi imekwisha zamani. Amekaa, feni inazunguka.

Mzigo umebebwa, mnara unawaka, simu zinaita. Kwani tatizo liko wapi?

Tatizo ni joto. Joto linalozaliwa na ukinzani linafuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe. Kulwa: 37 mara 37 ni 1,369. Doto: 23 mara 23 ni 529. Jumla 1,898, na Shija sifuri. Wangebeba 20 kila mmoja, ingekuwa 400 mara tatu, yaani 1,200. Kazi ile ile kwa mnara, joto pungufu kwa zaidi ya theluthi. (Si kila hasara ndani ya rektifaya inafuata kanuni hii, lakini ile iliyo kwenye shaba na kwenye transista inaifuata.)

Na ndani ya Kulwa kuna viumbe wanaohesabu joto hilo siku kwa siku: kapasita, vile vikopo vya duara vyenye majimaji ndani. Majimaji hukauka polepole, na mafundi wana kanuni yao ya mkono: ukiongeza nyuzi 10 za joto, umri wa kapasita unakatika nusu. Chukueni kapasita iliyoandikwa saa 5,000 kwa nyuzi 105. Kwa nyuzi 95 itafika saa 10,000, kwa 85 saa 20,000, kwa 75 saa 40,000, kwa 65 saa 80,000. Hizo 80,000 ni zaidi ya miaka tisa. Zile 40,000 ni minne na nusu. Kwa hiyo ikiwa Kulwa anaishi kwenye nyuzi 75 na Shija kwenye 65, Kulwa atakufa Shija akiwa bado kijana. Siku hiyo Doto anapanda kwenye ampia 37 na Shija anaamka kubeba 23. Doto amekuwa Kulwa mpya. Naye akianguka, Shija anabaki peke yake na ampia 37 zake, 23 zilizobaki zinatoka kwenye betri, na betri ina mwisho.

Tena vifaa vyenyewe vina tabia. Zile transista ziitwazo mosfeti ni waungwana: zikipata joto ukinzani wake unaongezeka, kwa hiyo ukizipanga kadhaa pamoja, iliyochemka inasukuma mkondo kwa wenzake. Daiodi ni kinyume chake. Ikipata joto, volti inayodai ili ipitishe mkondo inapungua, mkondo wote unaikimbilia, inachemka zaidi, inadai kidogo zaidi. Ukizifunga daiodi mbili pamoja ukidhani zitasaidiana, usishangae kukuta moja imeungua na ya pili mpya kabisa.

Dawa ya kwanza ya ukaidi ni kulegea kidogo. Kila ndugu anaagizwa: kadiri unavyobeba zaidi, shusha volti yako. Tuseme ashushe volti 0.05 kwa kila ampia. Si kwamba amewekewa ukinzani wa kweli, huo ungekula nishati na kuongeza joto lile lile tunalolikimbia. Ni ubongo wake wa kielektroniki unaojifanya una ukinzani. Rudieni hesabu: volti ya pamoja inatulia kwenye 53.0, Kulwa anabeba ampia 22, Doto 20, Shija 18. Hakuna aliyempa mwenzake habari, hakuna waya ulioongezwa, na wamekaribiana hivyo! Mimi nikiangalia ujanja wote wa umeme, huu naupenda kuliko mingi.

Nao si wa masanduku madogo tu. Mgodi wa Geita, ulioanza uzalishaji mkubwa mwaka 2000, ulijizalishia umeme kwa miaka mingi kwa jenereta za dizeli. Jenereta kadhaa zikifungwa pamoja zina ugomvi wa aina hii hii, na hutulizwa vivyo hivyo. Pale kinacholegezwa ni mwendo: jenereta isiyo na mzigo inaachwa izunguke haraka kidogo, na kadiri inavyobeba ndivyo inavyopunguza. Hakuna inayoweza kunyakua mzigo wa wenzake bila kupunguza mwendo wake yenyewe.

Lakini kulegea kuna bei. Betri zetu zilitaka 54 na sasa zinapata 53.0, yaani seli moja inaambulia 2.21. Miezi ikipita betri isiyoshiba inazeeka mapema. Ndiyo maana kwenye minara kabati zuri lina kitu cha pili, waya mmoja mwembamba unaowaunganisha ndugu wote.

Mmewahi kuona Bugobogobo? Ngoma ya Wasukuma ya majembe, asili yake ni vikundi vya kulima pamoja: mstari wa watu, majembe yanapanda na kushuka kwa mdundo mmoja, na anayebaki nyuma anausikia mdundo huo na kujivuta. Ule waya mwembamba ndio ngoma. Kila ndugu anaweka juu yake volti ndogo inayosema, "Mimi nabeba kiasi hiki." Mfumo umepangwa hivi kwamba sauti kubwa kuliko zote ndiyo inayosikika. Kulwa anabeba zaidi, kwa hiyo mdundo ni wake. Doto anasikia, anajilinganisha, anapandisha volti yake kidogo. Shija anapandisha zaidi. Wote wanafika 54.1, ampia 20, 20, 20, na betri zinashiba. Hakuna aliyeteuliwa kuwa mpiga ngoma. Anayebeba zaidi ndiye. Kulwa akizimika, mdundo unahamia kwa aliyebaki juu bila kikao. Kampuni ya Marekani iitwayo Unitrode iliuza chipu ya kazi hiyo, UC3907, na ufundi huo uko hadi leo, ingawa siku hizi rektifaya nyingi hupeana tarakimu badala ya volti.

Wabunifu wenye busara wanaongeza kizuizi: kupandisha kunaruhusiwa kwa kiasi kidogo tu, asilimia chache. La sivyo ndugu mmoja mwenye kipimo kibovu angetangaza mdundo wa uongo na kuwakimbiza wote mpaka volti iunguze mitambo.

Je, tumemaliza? Ampia 20 kwa kila mmoja, haki imetendeka. Hapana! Kapasita hazihesabu ampia, zinahesabu nyuzi.

Tazameni kabati limesimama wapi. Kahama iko mkoa wa Shinyanga, nchi kame, na Septemba na Oktoba joto la mchana hupita nyuzi 30. Kivuli ni cha kutafuta. Miti mingi ilikatwa zamani ili kufukuza mbung'o na kupata mashamba, na mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulianza mwaka 1986 kuirudisha kwa kufufua ngitili, yale maeneo ya malisho yanayohifadhiwa na Wasukuma. Tena tuko juu: Ziwa Victoria lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa kama sehemu moja ya kumi kuliko ya Dar es Salaam. Feni inazunguka vilevile lakini inasukuma hewa haba. Juu ya yote kuna vumbi, la barabarani na la karasha, linaloziba vichujio.

Shija amepangwa mwisho, ubavuni mwa kabati unaopigwa na jua la jioni. Anabeba ampia 20 kama wenzake, lakini wao wako kwenye nyuzi 65 naye yuko kwenye 75. Mkondo uko sawa, umri hauko sawa. Kwa hiyo mifumo iliyofikiriwa zaidi humpima kila mmoja joto pia, na mdundo unarekebishwa: Kulwa 22, Doto 22, Shija 16, mpaka joto likaribiane. Ukitazama ampia peke yake utasema Shija anapendelewa. Ukitazama kipimajoto utaona ndiyo kwanza wamelingana.

Ndugu hawa wana binamu kwenye vyumba vya dhahabu, pale mitambo ya elusheni inapoiondoa dhahabu kwenye kaboni na kuipeleka kwenye tanki lenye nyuzi za chuma. Rektifaya za huko hutoa volti chache tu na ampia kwa mamia, na dhahabu inaganda kwenye chuma kwa kufuata mkondo. Kwa hesabu ya kemia, ampia moja kwa saa moja ingeleta gramu 7.35 za dhahabu. Tankini haifiki huko hata kidogo, sehemu kubwa ya mkondo inaishia kutoa mapovu ya haidrojeni. Ila ugomvi wa kugawana mzigo ni ule ule, na mvuke wa dawa unakula vyuma kuliko vumbi.

Turudi mnarani. Fundi akifika akakuta Shija anachemka kuliko ndugu zake, hana haja ya kubahatisha. Anapima ampia za kila mmoja kwa kipimo cha kubana waya, anaandika joto la kila mmoja, kisha anamchomoa Shija na Doto na kuwabadilishia nafasi. Kazi haisimami, wamejengwa kuchomolewa umeme ukiwepo. Anasubiri kama saa moja na kupima tena. Joto likimfuata Shija, mgonjwa ni Shija: feni imechoka au kapasita zimekauka. Likibaki pale pale ubavuni na kumshika Doto, Shija ni mzima, na kinachohitajika ni kusafisha vichujio na kuezeka bati la kivuli upande wa magharibi.