Siri ya Mtungi: Stadi za Uchunguzi na Usalama wa Kidijitali katika Mafunzo ya Wanahabari Wapekuzi

Utangulizi

Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Katika uanahabari wa upekuzi, kata ni yule mtu aliye ndani ya ofisi, hospitali au kiwanda ambaye ameona uovu ukitendeka na akaamua kuusema. Bila mtu huyo, habari nyingi za ufisadi zisingejulikana kamwe. Hata hivyo, habari inapochapishwa, mwanahabari hupata sifa ilhali aliyemdokezea hubaki na hatari ya kufutwa kazi, kufungwa au hata kuuawa. Makala haya yanafafanua jinsi mafunzo ya wanahabari wapekuzi yanavyopaswa kulishughulikia suala hili. Hoja kuu ni kwamba stadi za uchunguzi na usalama wa kidijitali, ambazo aghalabu hufundishwa kama masomo mawili, kwa hakika ni somo moja. Aidha, lugha inayotumiwa katika mafunzo hayo ni sehemu ya usalama wenyewe.

Stadi za Uchunguzi

Habari ya kawaida huanza na tukio. Habari ya upekuzi huanza na swali. Mwongozo wa UNESCO wa mwaka wa 2009, ulioandaliwa na Mark Lee Hunter na wenzake, humfunza mwanahabari kuanza na nadharia tete, dhana ambayo wanafunzi wa vyuo vikuu wanaifahamu vyema kutokana na tasnifu zao. Mathalani, mwanahabari aweza kudhani kwamba dawa zilizonunuliwa kwa ajili ya zahanati fulani hazikufika kwa sababu mzabuni hakuwa na dawa wala bohari. Dhana hiyo huvunjwavunjwa iwe maswali madogo: kampuni ilisajiliwa lini? Ni ya nani? Ililipwa kiasi gani? Nani alitia sahihi kwamba mzigo umepokewa? Kila swali hutafutiwa ushahidi wake, na dhana hurekebishwa au kutupwa pale ushahidi unapoikana.

Hapa ndipo stadi ya uchunguzi inapokutana na usalama. Kila waraka unaopatikana kwa njia ya wazi humpunguzia mdokezi mzigo. Nchini Kenya, Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka wa 2016 inayotekeleza haki hiyo inaitaka ofisi husika kutoa uamuzi katika muda wa siku 21. Mwanahabari aliyefunzwa vyema hamwombi karani atoe kwa siri kile ambacho sheria inaruhusu kiombwe hadharani. Hali kadhalika, anajua kwamba ombi lenyewe huwazindua wanaochunguzwa. Kwa hivyo hulipeleka baada ya kuhakikisha kwamba halimwelekezei kidole mtu yeyote aliyezungumza naye.

Usalama wa Kidijitali

Watu wengi hudhani kwamba usalama wa kidijitali ni kuwa na programu fulani katika rununu. La hasha! Huanza na maswali matatu: ni kitu gani kinacholindwa? Kinalindwa dhidi ya nani? Kikifichuka, nani ataumia? Jibu la mwanahabari anayemwogopa mwizi wa tarakilishi si sawa na la yule anayeichunguza idara yenye uwezo wa kudai rekodi za kampuni ya simu.

Baada ya hapo ndipo vifaa hujadiliwa. Nywila ndefu isiyorudiwa kwingineko na uthibitisho wa hatua mbili huzuia akaunti kuvamiwa. Usimbaji fiche hugeuza ujumbe kuwa mchafukoge wa alama ambazo msimbuaji ni mpokeaji peke yake. Lakini usimbaji una mpaka wake, na mpaka huo hueleweka kwa mfano wa barua. Usimbaji hufunga bahasha ili yaliyomo yasisomwe, ila anwani ya juu huendelea kuonekana: nani kamwandikia nani, siku gani, akiwa wapi. Data hizi za nje zaweza kutosha kumtambulisha mdokezi, hasa nchini Kenya ambako laini za simu husajiliwa kwa vitambulisho vya wenyewe. Picha nazo hubeba data za aina hii. Desemba 2012, jarida la Vice lilichapisha picha ya John McAfee, mfanyabiashara aliyekuwa akisakwa na polisi wa Belize. Data za mahali zilizobaki ndani ya picha hiyo zilifichua kwamba alikuwa Guatemala.

Isitoshe, usimbaji haufui dafu iwapo rununu yenyewe imetekwa. Julai 2021, muungano wa vyombo vya habari ulioratibiwa na shirika la Forbidden Stories ulieleza jinsi programu ya kijasusi ya Pegasus ilivyotumiwa dhidi ya wanahabari katika nchi mbalimbali. Programu hiyo husoma ujumbe ukiwa tayari umefunguliwa. Nchini Kenya, Septemba 2025, ilielezwa kwamba uchunguzi wa Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto ulikuta programu ya kijasusi ya FlexiSPY katika vifaa vya watengenezaji filamu waliokamatwa Mei mwaka huo, nayo iliwekwa wakati vifaa hivyo vilikuwa mikononi mwa polisi. Funzo ni bayana: kifaa kilichochukuliwa na kurudishwa hakiaminiki tena mpaka kikaguliwe.

Visa Viwili vya Kulinganisha

Mwaka wa 2017, Reality Winner, mfanyakazi wa kampuni iliyokuwa na kandarasi na shirika la ujasusi la Marekani, alipiga chapa ripoti ya siri na kuituma kwa posta hadi chombo cha habari cha The Intercept. Wanahabari walitekeleza wajibu wa kawaida wa kuthibitisha: waliionyesha serikali nakala ili kujua kama ni ya kweli. Nakala hiyo ilikuwa na mikunjo iliyodhihirisha kwamba ilitoka kwenye karatasi. Ukaguzi ulionyesha kwamba ni watu sita tu waliokuwa wameipiga chapa, na mmoja wao, Winner, alikuwa amewahi kukiandikia chombo hicho barua-pepe akitumia tarakilishi ya kazini. Alikamatwa hata kabla ya habari kuchapishwa, na mwaka wa 2018 akahukumiwa kifungo cha miezi 63. Uongozi wa The Intercept ulikiri kwamba taratibu zake hazikufikia kiwango kilichostahili. Usimbaji wa rununu usingalimwokoa. Kilichohitajika ni mwanahabari kuuliza juu ya yaliyomo, bila kuonyesha waraka wenyewe.

Kisa cha pili ni cha nyaraka za Panama. Mdokezi aliyejiita John Doe aliwasiliana na gazeti la Süddeutsche Zeitung la Ujerumani, na hatimaye nyaraka milioni 11.5 zikapatikana. Wanahabari zaidi ya 370 walizichambua kupitia muungano wa kimataifa wa ICIJ, wakitumia majukwaa yaliyolindwa kwa usimbaji na uthibitisho wa hatua mbili, hadi zilipochapishwa Aprili 2016. Mamia ya watu walitunza siri moja, na jina la mdokezi halijatangazwa. Mafanikio haya hayakuletwa na vifaa pekee. Yaliletwa na nidhamu iliyofundishwa kwa kila mshiriki.

Nafasi ya Kiswahili

Miongozo na warsha nyingi za fani hii hutolewa kwa Kiingereza. Ilhali mdokezi aweza kuwa mlinzi wa bohari, muuguzi, dereva au karani ambaye huyazungumza mambo yake mazito kwa Kiswahili. Mwanahabari akishindwa kumfafanulia mtu huyo kwa lugha anayoielewa ni kipi kinachofichika na kipi kisichofichika, basi idhini aliyopewa si idhini kamili. Amekubali hatari asiyoijua.

Istilahi zipo, ila hazijatulia. Wapo wasemao nywila na wapo wasemao neno la siri. Wengine husema usimbaji fiche, wengine usimbaji tu. Dhana ya data za nje bado haina neno moja lililokubalika. Tofauti hizi zaweza kuonekana ndogo darasani, lakini kwa mtu anayeambiwa kwa simu afute kitu gani na asiguse kipi, utata wa neno ni hatari. Kusanifisha istilahi hizi na kuzijaribu kwa wasemaji wa kawaida ni kazi inayowafaa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, kwa ushirikiano na idara za uanahabari.

Hitimisho

Imebainika kwamba uchunguzi mzuri humlinda mdokezi kwa kupunguza yale anayoombwa, na kwamba kifaa kizuri hakiwezi kufidia uamuzi mbaya wa mwanahabari. Mafunzo yanayotenganisha mambo haya humwacha mwanahabari akiwa nusu fundi. Tahadhari kabla ya hatari, na tahadhari hiyo haina budi kuelezwa kwa lugha ambayo mwenye hatari anaielewa.