Tovuti ya Serikali si Kazi ya Fundi Peke Yake

Mara kwa mara husikika maofisini kwamba tovuti ya Serikali ni shughuli ya mafundi wa kompyuta. Fikra hii si sahihi, na madhara yake yanaonekana. Fundi anajua namna ya kupandisha waraka mtandaoni. Kama waraka huo upandishwe au usipandishwe si swali la ufundi hata kidogo. Ni swali la sheria, na nyuma ya sheria ni swali la uhusiano baina ya dola na wananchi wake. Makala hii inakusudia kueleza mambo ambayo hapana budi yafundishwe kwa mtumishi aliyekabidhiwa tovuti ya wizara, mkoa au halmashauri.

Tuanze na historia kidogo. Mwaka 2017 tovuti za mikoa na halmashauri za Tanzania Bara zilizinduliwa kwa pamoja mjini Dodoma, Maofisa Habari na Maofisa TEHAMA wakiwa wamefundishwa kuziendesha. Hatua hiyo ilikuwa kubwa. Lakini ilitegemea mradi uliogharamiwa na shirika la misaada la Serikali ya Marekani, USAID, na shirika hilo lilifungwa mwaka 2025. Tovuti zimebaki, mfadhili hayupo. Sheria nazo hazikusimama kutungoja: Sheria ya Serikali Mtandao ilitungwa mwaka 2019, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikatungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Ofisa aliyefundishwa mwaka 2017, na asifundishwe tena, anaendesha chombo cha leo kwa mafunzo yaliyotangulia sheria hizo zote mbili.

Je, kiini cha mafunzo ni nini? Ni kuuelewa mkinzano uliomo ndani ya kazi yenyewe. Ibara ya 18 ya Katiba inampa raia haki ya kupewa taarifa juu ya mambo muhimu ya maisha yake na ya jamii. Ibara ya 16 inampa haki ya kuheshimiwa faragha yake. Juu ya haki ya kwanza imejengwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayoitaka ofisi ya umma kumjibu mwombaji wa taarifa mapema iwezekanavyo, na isizidi siku 30. Juu ya haki ya pili imejengwa ile sheria ya 2022, inayosema kwamba habari za mtu zikusanywe kwa lengo linalojulikana, zisizidi kinachohitajika, zisikae muda mrefu kuliko haja yake, na zilindwe. Sheria moja inasema funua, nyingine inasema funika. Mtumishi asiyefundishwa huona kwamba zinapingana, naye huchagua moja kadiri ya woga wake.

Kwa kweli hazipingani. Tuchukue mfano wa mikopo ya asilimia kumi. Kila halmashauri inatakiwa kutenga sehemu hiyo ya mapato yake ya ndani: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mwananchi ana haki kamili ya kujua kilichokusanywa, kilichotengwa, vikundi vilivyokopeshwa na marejesho yaliyofanyika. Hayo ni mambo ya umma. Sasa, mtumishi mwenye haraka huchukua jalada zima la maombi, akaliskani na kulipandisha: majina ya wanakikundi, namba za simu, namba za vitambulisho vya Taifa, hata aina ya ulemavu wa kila mmoja. Fedha zilizotengwa ni kiasi gani? Hilo halimo. Tovuti hiyo imezivunja sheria zote mbili kwa siku moja: imeficha mambo ya umma na kuanika mambo ya mtu. Na matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hawahitaji zaidi ya orodha ya namna hiyo, yenye jina, namba, na habari kwamba mama huyu karibuni atapokea fedha.

Hapa ndipo urasimu hupata kichaka. Akiulizwa bajeti, mkuu wa idara hujibu kwamba hiyo ni siri. Lakini siri haitokani na cheo cha msemaji wala na mhuri mwekundu. Taarifa zinazoweza kuzuiwa zimetajwa na sheria, na mtunza tovuti lazima azijue kwa kuzisoma mwenyewe. Hata hivyo tusijidanganye. Ofisa Habari wa daraja la chini hawezi kumlazimisha mkuu wake atoe taarifa. Kwa hiyo kumfundisha peke yake, na kumrudisha katika ofisi ambayo mkurugenzi na wakuu wa idara hawakufundishwa, ni kumpa mzigo bila ya madaraka. Wao nao wakae darasani, walau siku moja.

Jambo jingine ni nani anayeweza kusoma kilichopandishwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga sheria yake. Asiyeona hutumia programu inayosoma maandishi kwa sauti; lakini tangazo lililoskaniwa ni picha ya karatasi tu, na programu hiyo haioni neno ndani yake. Tangazo lile lile likiandikwa kama maandishi, na picha zikawekewa maelezo mafupi, linasomeka. Anayenufaika si asiyeona peke yake. Mkulima anayefungua tangazo kwa simu hulipia bando kwa uzito wake, na karatasi ishirini zilizoskaniwa ni nzito mno kuliko maneno yaliyomo. (Mara nyingi sababu ya kuskani ni kwamba mkubwa anataka saini yake ionekane.) Vivyo hivyo lugha: zabuni, ada au masharti ya leseni yakiwekwa kwa Kiingereza tu, yametangazwa kwa wachache.

Kuhusu picha za kuokota mtandaoni, inatosha kukumbusha kwamba Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inaihusu Serikali pia.

Yanabaki matunzo. Ukurasa wa tovuti ni kumbukumbu ya umma kama jalada lilivyo, na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 haijali kama kumbukumbu iko kwenye karatasi au kwenye kompyuta. Kufuta bajeti ya mwaka jana ili kupata nafasi ya picha za ziara si usafi, ni kuharibu kumbukumbu. Nakala rudufu iwepo, nayo ijaribiwe kurejeshwa. Na uhamisho unapokuja, nywila, nakala na orodha ya kurasa zikabidhiwe kwa maandishi, kama zinavyokabidhiwa funguo za stoo. Iko halmashauri niliyoitembelea ambako ofisa alihamishiwa mkoa mwingine akiwa na nywila kichwani. Kwa miezi kadhaa tovuti iliendelea kumtambulisha mkurugenzi aliyekwisha kustaafu, na wananchi waliendelea kupiga simu kwa mzee huyo nyumbani kwake kuulizia viwanja.