Lexus kupitia Kasomeno: nani ataitengeneza?

Barabara ya kulipia ya kutoka Kasomeno, jimbo la Haut-Katanga, hadi Mwenda nchini Zambia inakusudiwa kufupisha safari ya kutoka bandari ya Dar es Salaam, ambako hupita motokari nyingi za Japani zilizokwisha kutumika. Mwenye kutamani Lexus ajue kwanza namna jina hilo lilivyojengwa.

Toyota ilipoanza kuuza Lexus Marekani mwaka 1989, haikuiweka katika maduka yake ya kawaida. Ilichagua wauzaji wa pekee, wenye garaji na mafundi wao, kama Honda ilivyofanya kwa Acura mwaka 1986.

Desemba 1989, baada ya malalamiko ya wateja wawili, motokari karibu 8,000 za LS 400 ziliitwa zitengenezwe. Wauzaji walizifuata nyumbani kwa wateja, wakazitengeneza, wakaziosha na kuzirudisha zimejaa mafuta. Kazi iliisha kwa siku zisizofika 20, na jina likapata heshima.

Lexus ya zamani inayofika Kasomeno inakuja na alama ileile, ila garaji zile hazikuja nayo. Kabla ya kulipa, uliza: fundi gani wa Lubumbashi anaijua? Vipuri vitatoka wapi, na kwa siku ngapi?