Kabla ya Kuagiza Kisu cha Kukunja, Tazama Kinoo Chako

Fundi anayetengeneza visu vya kukunja kwa oda ana maswali mawili makubwa kwa mteja: bapa liwe la chuma gani, na mpini uwe wa nini. Mteja mgeni huvamia la kwanza. Hupitisha kidole kwenye orodha ya majina mpaka afike kwenye lililo ghali kuliko yote, akiamini kwamba bei ndiyo makali. Mimi humrudishia swali moja: nyumbani unanolea nini? Mwenye kinoo cha kawaida cha dukani, upande mmoja wa kukwaruza na mwingine laini, hahitaji chuma kile kile kinachomfaa mwenye bamba la almasi. Kisu usichoweza kukinoa mwenyewe kitakaa mfukoni kikiwa butu miezi na miezi, hata bapa lake liwe na jina gani.

Chuma cha bapa ni chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo. Kaboni ndiyo inayokiwezesha kukomaa: kikipashwa moto sana kisha kikapozwa ghafla, kinakuwa kigumu cha kushika makali. Visu vingi vya mfukoni vina kaboni kati ya asilimia 0.6 na 1.5. Ikizidi kiasi kinachoweza kuyeyuka ndani ya chuma, iliyobaki hushikana na kromi, vanadi au molibdeni na kuwa punje ndogo ngumu mno ziitwazo kabidi. Ukikata kamba ya katani au maboksi siku nzima, chuma chenyewe hulika polepole, lakini punje hubaki zimesimama kwenye makali na kuendelea kukata. Sifa ya vyuma ghali inatoka hapo.

Usumbufu wake nao unatoka hapo hapo. Vinoo vingi vya dukani vimetengenezwa kwa oksidi ya alumini. Kabidi ya kromi ni laini kuliko oksidi hiyo, kwa hiyo kinoo huimudu. Kabidi ya vanadi ni ngumu kuliko kinoo chenyewe. Chuma cha S30V, kilichotolewa na kampuni ya Crucible ya Marekani mwaka 2001, kina vanadi asilimia 4. Mwenye subira bado atakinoa kwa kinoo cha kawaida, ila kazi itakuwa ndefu na makali yatachelewa kuja. S90V ina vanadi asilimia 9. Hapo kinoo cha kawaida husaga chuma kinachozizunguka punje na kuziacha punje zenyewe na ncha za mviringo. Unasugua, jasho linakutoka, ukigusa kwa kidole gumba husikii ule ukingo mwembamba unaojikunja upande wa pili kukuarifu kwamba upande huu umekwisha. Anayetaka chuma cha namna hiyo aweke bei ya bamba la almasi kwenye bajeti ile ile ya kisu.

Watu wa pwani huuliza kutu kabla ya chochote, na wana haki. Mwaka 1913, mjini Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alipata chuma chenye kromi asilimia 12.8 na kaboni asilimia 0.24 tu. Hakikushika kutu, lakini kwa kaboni ile ndogo visu vya mwanzo havikudumu na makali, na watu wa mji huo wakamwita mgunduzi wa visu visivyokata. Tangu hapo wataalamu wamekuwa wakitafuta namna ya kuongeza kaboni bila kuipoteza kinga ya kutu. Ugumu wake ni kwamba kromi inayozuia kutu ni ile iliyoyeyuka ndani ya chuma peke yake. Iliyokwisha kushikana na kaboni ikawa kabidi haizuii chochote. Ndiyo maana chuma cha D2, chenye kromi asilimia 12 hivi na kaboni asilimia 1.5, hupata madoa kikisahauliwa na jasho mfukoni, na hakuna fundi mkweli atakayekuuzia kama chuma kisichoshika kutu.

Sasa tazama chuma kiitwacho MagnaCut, kilichotoka mwaka 2021. Kina kromi asilimia 10.7 tu, chini ya D2, na chini zaidi ya S30V yenye asilimia 14. Hata hivyo kinastahimili maji ya chumvi kuliko vyote viwili. Mmarekani aliyekibuni, Larrin Thomas, mtaalamu wa vyuma na mtoto wa mfua visu, aliipunguza kaboni, akaweka vanadi na niobi ziinyakue kaboni hiyo mapema, akaongeza naitrojeni kidogo, na kromi karibu yote ikabaki huru kupambana na kutu. Kwangu hii ni mojawapo ya kazi nzuri kabisa zilizofanywa kwenye chuma cha visu katika karne hii, kwa sababu haikuja kwa kurundika madini zaidi. Asiyeijua hesabu hiyo husoma asilimia kwenye karatasi na kudhani penye kromi nyingi ndipo penye kinga kubwa.

S30V na MagnaCut vyote hutengenezwa kwa poda. Chuma kilichoyeyuka hupulizwa kwa gesi, kikawa matone madogo yanayoganda papo hapo, kisha poda hiyo hushindiliwa kwa joto na mgandamizo mkubwa mpaka ikawa kipande kimoja. Kuganda haraka hivyo kunazinyima kabidi nafasi ya kukua. D2 ya kawaida humiminwa kwenye kalibu na kupoa taratibu, kabidi zake zikawa mabonge. Makali yake yakigonga mfupa, bonge linaweza kung'oka na kuacha pengo.

Nikiambiwa nimchagulie mtu anayekata matunda, kamba na mifuko ya saruji, na ambaye kinoo chake ni kile cha dukani, nitamwekea 14C28N cha Sweden. Kina kaboni asilimia 0.62, kromi 14 na naitrojeni kidogo. Kimetoka katika ukoo wa vyuma vya nyembe, kabidi zake ni ndogo sana, na dakika chache za kunoa zinatosha kukirudisha kwenye hali ya kunyoa nywele za mkono. Bei yake ni ndogo, na hilo limewafanya wengi wakidharau bure.

Vipo pia vyuma vya kaboni visivyo na kinga yoyote: 1095, au 52100 ambacho ndicho chuma cha beringi. Vinanoleka kwa raha kuliko vyote. Kata embe bichi au ndimu kwa bapa jipya la 1095, uliache bila kulifuta, na muda si mrefu litaingia kijivu chenye ubuluu. Rangi hiyo haina neno, hata husaidia kidogo kuizuia kutu nyekundu. Anayekaa Tanga au Lamu na hana tabia ya kufuta kisu na kukipaka mafuta asichukue chuma hiki.

Orodha ya oda haikuambii jambo kubwa kuliko yote haya, nalo ni namna bapa lilivyopitishwa motoni. Chuma kile kile kikipita mikono miwili kinatoa visu viwili tofauti. 1095 hupashwa hadi nyuzi 800 hivi za Selsiasi, huzimwa kwenye mafuta mepesi, kisha hupashwa tena kwenye nyuzi 200 hivi ili bapa lisivunjike kama kioo. MagnaCut inataka zaidi ya nyuzi 1,060, kupozwa haraka, na ikiwezekana kugandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, kabla ya kurudishwa kwenye joto dogo. Joto hilo halikisiwi kwa macho mbele ya mkaa. Kwa hiyo mhunzi wetu anayefua visu kwa springi za gari hajarudi nyuma kwa kukosa chuma cha kisasa. Springi ni chuma kinachokubali tanuri lake, na springi iliyozimwa vizuri ni bora kuliko chuma cha poda kilichochomwa kwa kubahatisha. Buck Knives ya Marekani imetumia kwa miaka mingi 420HC, chuma chenye kaboni chini ya nusu asilimia, na visu vyake vinasifiwa kwa makali kwa sababu ya kazi ya moto iliyosimamiwa na Paul Bos.

Mwombe fundi namba ya ugumu kwa kipimo cha Rockwell C. Kisu cha kukunja kwa kawaida huwa kati ya 58 na 62. Chini ya hapo makali hujikunja, na yakipita hapo bila chuma kinachofaa humeguka. Uliza pia unene wa bapa pale juu kidogo ya makali. Milimita 0.3 hadi 0.5 hupenya nyanya bila kuiponda. Ikikaribia milimita moja, hata chuma cha bei mbaya kitapasua karoti badala ya kuikata. Halafu usikipeleke kisu hicho kwa mnoaji wa mota kavu inayorusha cheche. Makali ya chuma cha kaboni yakishaingia rangi ya buluu pale kwenye jiwe, yamefika nyuzi 300 hivi, na ule ugumu uliolipia umetoka.

Tuje kwenye mpini. Mafundi wa Ulaya na Marekani huuweka mpingo karibu na kichwa cha orodha yao ya mbao, na wana sababu. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, una mafuta yake ya asili, haunywi maji kwa urahisi, na ukisuguliwa kwa msasa laini hung'aa wenyewe bila vanishi. Ni mti ule ule wa klarineti na obo, na mwingi hutoka kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Vibao vya mpini wa kisu cha kukunja huwa na milimita 3 au 4 tu, kwa hiyo ubao uwe umekauka sawasawa, la sivyo utapasuka penye msumari. Mafuta yake pia huikataa gundi. Fundi mzuri huufuta kwa asetoni kabla ya kugundisha, na hategemei gundi peke yake, huongeza misumari au skrubu.

Mpingo huchukua miaka 70 au zaidi kufikia ukubwa wa kuvunwa, na tangu Januari 2, 2017 umo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, pamoja na karibu jamii yake yote. Bidhaa zilizokamilika zenye mbao isiyozidi kilo 10 kwa shehena zimesamehewa kibali, lakini magogo na mbao ghafi hazikusamehewa. Ukiagiza, muulize fundi ubao wake umetoka wapi. Wilayani Kilwa vipo vijiji vinavyovuna mpingo kwa cheti cha FSC, cha misitu inayosimamiwa vizuri, tangu mwaka 2009, na fedha inabaki kijijini. Ningelipa zaidi kwa ubao wa namna hiyo.

Kama kisu ni cha kazi za maji na samaki, uache mpingo, uchukue mikata, yaani kitambaa kilichoshindiliwa kwa utomvu. Isipong'arishwa sana hushika vizuri hata mkono ukiwa umelowa. G10, ya kitambaa cha kioo, ni ngumu zaidi na haijali hali ya hewa. Pembe na mfupa ni nzuri kuangalia, ila hupinda au kufanya nyufa jua likizidi.

Titani ina kazi yake maalumu. Chris Reeve, fundi aliyeanzia Afrika Kusini, aliukata ubavu wenyewe wa mpini ukawa springi inayoingia nyuma ya bapa na kulifunga. Kufuli hiyo inahitaji madini yanayopinda na kurudi bila kuchoka, na titani inafanya hivyo kwa uzito mdogo kuliko chuma. Inateleza mkononi, kwa hiyo omba uso wake ukwaruzwe. Omba pia pale inapokutana na bapa pawekwe kipande cha chuma kigumu, kwa sababu titani tupu hulika na kunata.

Mwisho, hakikisha kisu kinafunguliwa kwa skrubu na hakikupigiliwa moja kwa moja, hasa kama unaishi penye mchanga. Chembe zikiingia kwenye ekseli ya bapa, utakifungua, utakifuta, utatia tone moja la mafuta na kukirudisha kazini siku hiyo hiyo.